Fisi wa Bibi Evelina

Bibi Evelina alinyoa kichwa mara moja kwa mwezi, kwangu, hapa kibandani Igogo, na kila mara alitaka nisibakize hata unywele mmoja. Alisema nguo ikinuka moshi unaivua unaiacha mlangoni, lakini nywele unalala nazo. Alikaa kwenye kiti changu kama mtu aliyekuja barazani. Mashine ikiwaka, na yeye anawaka.

"Muhidin, leo nimepanda na ndoo mbili. Mbili! Nilipofika pale kwenye jiwe la Mzee Chenge nikajua hapa ndipo nitakapofia. Nikakaa, nikaanza kuchagua nani aimbe kwenye msiba wangu."

"Pole, mama."

"Acha pole. Njoo ubebe ndoo."

Wateja waliokuwa wakisubiri zamu walicheka, na yeye aliwageukia hata kama wembe ulikuwa shingoni.

Alizaliwa Ukerewe. Aliletwa Mwanza akiwa msichana, akaolewa na mwanamume aliyekuwa kuli wa bandarini. Mume alikufa mapema. Mtoto wao wa pekee alikwenda Geita kuchimba dhahabu, kifusi kikamfunika shimoni, na Bibi akaletewa viatu vyake tu. Ndugu aliyebaki alikuwa Antoni, mtoto wa kaka yake, aliyekuwa akilima ng'ambo ya Busisi. Bibi Evelina aliishi kwa mapanki, yaani mifupa na vichwa vya sangara vinavyobaki viwandani minofu ikishaondolewa. Aliyachukua chini kando ya ziwa, akayapandisha juu ya mawe hadi nyumbani kwake, akayabanika kwenye pipa la chuma lililokatwa katikati, kisha akayateremsha tena kuyauza. Kazi hiyo aliifanya miaka arobaini. Moshi ulimwachia macho mekundu, yaliyotokwa na machozi hata akicheka.

Mimi nilikuwa nachora. Nilichora kwa kalamu ya wino nyuma ya kalenda za zamani, visanduku vinne au sita kwa karatasi, na karatasi nilizitundika kwenye kamba kwa vibanio vya nguo ili wateja wasome wakisubiri. Sharti langu lilikuwa moja: sichori kitu ambacho sijakitazama. Nikitaka kuchora jiko la mtu, ninakwenda kulitazama kwanza, nione ni mguu upi umevunjika. Watu walipenda hilo. Walikuja kutafuta vitu vyao kwenye picha. "Hii si baiskeli yangu hii?" Wakicheka, nami nilifurahi, ingawa sikusema.

Bibi Evelina alipolalamika juu ya zile ndoo mbili, nilikwenda nyumbani nikiwaza nimpe mtu wa kumbebea. Punda asingeweza mawe ya Igogo. Mbuzi hana nguvu. Nikampa fisi.

Mama yangu alikuwa mtu wa Ujiji, na katika hadithi alizotusimulia fisi ni mjinga mwenye tumbo. Akitumwa anasahau, akikabidhiwa nyama anaila, akiulizwa anajitetea hadi huruma inakushika. Huyo ndiye fisi niliyemchora. Na kweli nilikuwa nimemtazama fisi, mmoja, ndani ya wavu kule kisiwani Saanane wanakofugwa wanyama wa kutazamwa, mwalimu alipotupeleka tukiwa darasa la tano. Sikuusahau ule mgongo ulioteremka nyuma.

Nilijua Wasukuma wanasema nini juu ya fisi na bikizee mwenye macho mekundu. Hakuna mtu wa Mwanza asiyejua. Wanasema mchawi hufuga fisi, humpanda, humtuma. Nilidhani ni maneno ya vijijini, ya watu wa zamani, na kwamba huku mjini watu wakishacheka yamekwisha.

Katika karatasi ya kwanza Bibi anamfunga fisi ndoo mgongoni, wanapanda. Kwenye kila jiwe fisi anauliza, "Tumefika?" Walipofika kweli, ndoo tupu. Fisi anasema, "Njia mbaya, Bibi. Mzigo umepungua wenyewe."

Nilimwonyesha kabla sijaitundika. Aliishika karatasi karibu na uso, maana macho yalikuwa yakififia, akaipitia kisanduku kwa kisanduku.

"Kwa nini fisi?"

"Punda hapandi mawe."

"Si ungenichorea hata bodaboda."

Nikanyoosha mkono kuichukua. Akairudisha kifuani, akaanza kucheka, machozi yakamtoka. "Ebu mwone anavyojitetea! Huyu anaitwa nani?"

"Hana jina."

"Muite Shemeji. Marehemu mume wangu alikuwa na mdogo wake, alikuwa anakula hivihivi."

Mke wangu, Mastura, aliitazama ile karatasi jioni ile ile akiwa anachambua mchele. Kila kitu kilikuwa kwa wino mweusi, isipokuwa macho ya Bibi, ambayo niliyagusa kwa kalamu nyekundu.

"Macho ungeyaacha meusi," alisema.

"Yake ni mekundu."

"Najua ni mekundu. Ndiyo maana nakwambia."

Sikuyabadilisha.

Shemeji alipendwa kuliko kitu chochote nilichowahi kuchora. Nilimchora akipanga foleni bombani na kulalamika kuwa mwanamke mmoja amemtangulia. Nilimchora akifukuzwa kanisani kwa kutafuna mshumaa. Watu walizipiga picha zile karatasi kwa simu, wakatumiana. Msomaji wangu mkubwa alikuwa Luhaga, jirani wa Bibi Evelina upande wa chini, mpakiaji wa kiwanda cha samaki, mwenye mwili mkubwa na kicheko kinachosikika mpaka barabarani. Hata kunyoa hakuhitaji, aliingia tu.

"Kinyozi, Shemeji leo kala nini?"

"Soma."

"Kala sabuni! Mungu wangu, kala sabuni ya watu!"

Alikuwa akija na binti yake wa miaka mitano, Modesta. Mtoto alisimama chini ya kamba akiwa ameinua shingo. Hakujua kusoma, lakini alijua kila karatasi. Siku moja alinivuta shati.

"Nichore na mimi."

"Ukifanya nini?"

"Nampa Shemeji ugali. Kila siku ana njaa."

Nilikwenda kwao kutazama mlango. Ulikuwa wa mbao, na chini yake kiraka cha bati la debe la mafuta, nusu ya maandishi yakiwa bado yanasomeka. Nilimchora Modesta kizingitini na gauni lake lisilo na kifungo cha juu, mkono umenyooka, tonge kwenye vidole. Fisi amekaa chini kwa adabu, masikio yamelala. Nyuma yake Bibi Evelina na ndoo, akisema, "Usimzoeshe, mjukuu wangu. Kesho atataka na mboga."

Luhaga aliipiga picha akaiweka kwenye simu yake ili kila aliye na namba yake aione. "Binti yangu sasa ni msanii," alikuwa akiwaambia watu kiwandani.

Siku kumi na tisa baadaye Modesta alishikwa na homa. Jumatano alikuwa na joto, Alhamisi akapata degedege, Ijumaa asubuhi akafa mgongoni kwa mama yake, Dorotea, wakiwa njiani kurudi hospitali. Nilisaidia kubeba. Jeneza la mtoto wa miaka mitano unaweza kulibeba peke yako, lakini tulilishika watu wanne.

Bibi Evelina alifika msibani kabla ya wengi. Alileta ndoo nzima ya samaki waliobanikwa kwa ajili ya waombolezaji, akakaa na Dorotea kwenye mkeka, akamshika miguu. Jioni niliiona ile ndoo jikoni. Ilikuwa imejaa vilevile. Hakuna aliyeigusa.

Kaka mkubwa wa Luhaga, Shimba, mfuga ng'ombe, alikuwa amekuja kutoka kijijini kuzika. Yeye hakuwa amewahi kusoma habari za Shemeji. Akiwa amekaa na wanaume, Luhaga alifungua simu kumwonyesha sura ya marehemu, kwa sababu hawakuwa na picha nyingine ya mtoto huyo, na Shimba akaitazama muda mrefu.

"Huyu kikongwe ni nani?"

"Jirani."

"Na fisi ni wa nani?"

Luhaga akaanza kueleza kuwa ni mchezo, ni katuni za kinyozi. Nilikuwa pale, nilimsikia. Alieleza, halafu sauti yake ikapungua, akaitazama tena ile simu kana kwamba ni mara ya kwanza.

Jumapili baada ya ibada tuliitwa kwa Mzee Chenge, balozi wetu wa nyumba kumi. Watu walijaa hadi juu ya mawe. Bibi Evelina aliwekewa kigoda katikati. Alikuwa amevaa kanga yake ya maua ya bluu, ile ile niliyomchora nayo. Mimi niliambiwa nisimame.

Mzee Chenge alisema tumeitana ili tuelewane, watu wasikilize, pasiwe na fujo. Kisha akamwachia Shimba, aliyekuwa na ile karatasi ya Modesta mkononi, aulize. Shimba hakupiga kelele. Angepiga kelele labda watu wangemwona ni mgomvi.

"Kinyozi, karatasi hii umeichora wewe?"

"Ndiyo."

"Ndoo hii ni ya nani?"

"Ya Bibi Evelina."

"Una hakika? Ndoo ziko nyingi."

"Mshikio wake umefungwa waya."

"Kanga hii?"

"Yake."

"Mlango huu?"

"Wa Luhaga."

"Hiki hapa chini ni nini?"

"Kiraka. Cha bati."

"Hata kiraka! Na kifungo cha gauni la mtoto hakipo. Kweli hakikuwepo?"

Nikatazama upande wa wanawake. Dorotea alikuwa ameinama. "Hakikuwepo," nikasema.

"Kwa hiyo ndoo ni ya kweli, kanga ya kweli, mlango wa kweli, kifungo cha kweli. Fisi peke yake ndiye wa uongo?"

"Nilimbuni."

"Anasemaje?" mtu aliuliza kutoka juu ya jiwe.

"Sema kwa sauti, baba! Huko kibandani unanong'ona na nywele za watu!" mwingine akadakia.

Wengine wakacheka. Bibi Evelina naye akacheka kidogo, na ile ilikuwa mara ya mwisho kumwona akicheka mbele za watu. Shimba akamgeukia.

"Bibi, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Huyu fisi ana jina?"

"Shemeji," alisema. "Anaitwa Shemeji. Wote hapa mnamjua, mbona mnaniangalia hivyo? Luhaga, si unamjua Shemeji?"

Luhaga akaitia simu yake mfukoni. Shimba akarudi kwangu.

"Wewe husemi uongo, kinyozi. Watu wameniambia. Wanasema huyu hachori kitu ambacho hajakitazama. Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Basi nijibu kitu kimoja tu mbele ya hawa watu. Fisi umewahi kumwona kwa macho yako, au hujawahi?"

Jibu la kumwokoa lilikuwa sijawahi. Nililiona. Lilikuwa neno moja, na ningelitamka tungerudi nyumbani. Lakini nilikuwa nimeulizwa mbele ya umati, jasho likinitiririka, na nilijibu kama nilivyojibu juu ya ndoo na juu ya kifungo.

"Nimemwona."

Nilitaka kuendelea. Kisiwani Saanane, ndani ya wavu, darasa la tano. Nilisema, "Saanane." Nilisema mara mbili. Watu walikuwa wameshanyanyuka, wanawake wanapiga ukelele, mtu amekipiga teke kigoda. Luhaga alikuwa hatua mbili mbele yangu. Alinisikia. Najua alinisikia kwa sababu alinitazama machoni, kisha akatazama chini.

Mzee Chenge na wazee wengine wawili walimzunguka Bibi Evelina wakamtoa. Hakuguswa siku ile. Vijana walipanda kwake wakaliviringisha pipa lake la kubanikia kutoka juu, likagonga mawe hadi chini barabarani, na kila lilipogonga watu walishangilia. Kesho yake balozi alimwambia aondoke kwa muda, mpaka mambo yapoe. Aende kwa Antoni.

Ndoo yake niliibeba mimi. Tulishuka asubuhi, yeye mbele akishika mawe, mimi nyuma na ndoo na mfuko wa nguo. Milango ilikuwa imefunguliwa na watu walikuwa nje wakifagia, lakini hakuna aliyesalimia. Pale kwenye jiwe la Mzee Chenge alisimama kupumua.

"Polepole, Shemeji," aliniambia. "Usije ukala mzigo."

Sikujua nicheke au nifanye nini.

"Mama, nisamehe."

"Kwa lipi? Ulinipa mtu wa kunibebea. Nilifurahi." Akafuta macho kwa ncha ya kanga. "Nilikuuliza kwa nini fisi, unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Ningekataa, usingeitundika. Sikukataa. Nilitaka watu wanicheke vizuri, Muhidin. Ukikaa peke yako miaka yote hiyo, hata kuchekwa ni kutembelewa."

Stendi nilimtafutia kiti cha dirishani. Alisema angalau ataliona daraja la Busisi, maana enzi zake walivuka kwa kivuko, na wanasema sasa gari inapita juu ya maji bila hata kupunguza mwendo. Aliuliza kama ni kweli. Nikasema ni kweli. Basi likaondoka.

Kabla halijaondoka nilikuwa nimeandika namba yangu kwenye kipande cha karatasi nikampa ampe Antoni. Siku ya tisa, saa mbili asubuhi, nikiwa nafungua kibanda, simu ikaita.

"Wewe ndiye mchoraji?"

"Mimi ni kinyozi. Muhidin."

"Ndiye wewe. Mimi Antoni." Nyuma yake nilisikia jembe likigonga udongo. "Ile picha yako ilifika huku kabla yake. Shangazi anashuka kwenye gari, watu wameshaiona. Walikuja kumsalimia, wanamwangalia macho, wanaondoka. Yeye anadhani wanampenda. Anawaambia karibuni."

"Yuko wapi?"

"Jana mchana alikwenda kuokota kuni. Wamemkata huko kwenye mihogo. Tunamzika sasa hivi." Kisha akaniuliza bila hasira, kama mtu anayetaka kujua tu, "Huyo fisi alikuwepo?"

"Hakuwepo."

"Mliwaambia watu?"

Akakata simu.

Niliteremsha karatasi zote. Mastura alizifunga kwa kamba akaziweka juu ya kabati, na hakunikumbusha alichoniambia juu ya macho, ingawa ningependelea anikumbushe. Wateja walipungua, kisha wakarudi. Mtu hawezi kukaa na nywele. Shimba alirudi kwa ng'ombe wake. Luhaga sasa ananyoa mahali pengine, huko mjini kati. Nyumba ya Bibi Evelina amepanga mtu anayeuza mitumba, na pale pipa lilipokuwa ameotesha mchicha.

Dorotea alikuja miezi miwili baadaye, mchana, kibandani pakiwa hapana mtu. Alisimama mlangoni.

"Shikamoo."

"Marahaba. Karibu."

"Simu ya baba Modesta imeharibika. Imekufa kabisa, fundi kasema vilivyokuwa ndani vimepotea." Alikuwa akikunja na kukunjua ncha ya kitenge. "Sina sura yake nyingine. Najaribu kuikumbuka, naanza kukosea. Ile karatasi bado unayo?"

Nilikwenda nyumbani nikaileta. Aliishika kwa mikono miwili. Kwa muda hakumtazama fisi wala Bibi, alitazama kona ile tu yenye mlango.

"Kifungo," alisema. "Nilikuwa nimekishona siku ile alipoanza kuumwa."

Nilivuta kiti akakaa, kiti kile cha wateja, akajiona kwenye kioo, akageuza uso.

"Siku ya mkutano ulisema Saanane," alisema. "Nilikusikia. Nilijua unachosema. Hata mimi shule ilitupeleka."

Akarudi kuitazama karatasi.

"Niliogopa nikisema, wataniuliza sasa nani kamwua mtoto wangu. Nami sikuwa na wa kumtaja." Akanipa karatasi. "Nikatie. Nimpeleke peke yake nyumbani."

Nilichukua wembe. Nilipima mara nyingi wapi pa kupitisha, maana nilivyowachora walikuwa wamesogeleana sana, na mkono wa mtoto ulikuwa karibu kugusa mdomo wa fisi. Mwishowe nilikata mbele ya vidole. Dorotea aliifunga sehemu yake ndani ya leso, akaaga, akaenda.

Nyuma ya kipande hicho ni kalenda, mwezi wa nne, wa mwaka ambao siukumbuki. Mbele yake yupo Modesta kizingitini, gauni halina kifungo, ameinua tonge na kunyoosha mkono, na mbele ya mkono hakuna kitu.

Kipande kilichobaki ninacho. Bibi Evelina bado ameshika ndoo yake, anamkanya mtoto asiyekuwepo asimzoeshe fisi.